Chambo cha Mama Masjala

Mama Masjala alikuwa mwoga. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, alikuwa mwoga haswa: aliogopa lifti, aliogopa kusaini karatasi asiyoisoma mara mbili, na kompyuta ndiyo usiseme. Jina hilo alipewa na wauguzi, maana kwa miaka kumi na saba alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha pale chini ya ngazi, akipanga mafaili ya wagonjwa. Ungemwambia jina la ukoo na mwaka, angekwenda moja kwa moja kwenye rafu akarudi na faili lako huku bado unakohoa vumbi.

Halafu mafaili yakaingizwa kwenye kompyuta, rafu zikang'olewa, naye akabaki na funguo za chumba kitupu.

Miaka miwili kabla ya mambo ninayoyasimulia, wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya hospitali wakafunga kila kitu. Siku kumi na moja! Ukiwasha mashine unakuta maandishi mekundu tu. Hakuna orodha ya dawa, hakuna picha za eksirei, hakuna anayejua nani amelazwa wapi. Watu wakamkumbuka Mama Masjala. Alikimbia wodi hadi wodi na daftari mkononi, na siku ya tatu alimwona mama mmoja akisukumwa kuingia chumba cha upasuaji huku daktari anapiga kelele, "Kundi la damu! Nani anajua kundi lake la damu?" Watu kumi wakatazamana. Mgonjwa yule alipona, lakini Mama Masjala hakuwahi kupona sauti ile. Hata akiwa jikoni kwake anamenya vitunguu, ilimjia.

Baada ya balaa hilo wakubwa wakaamka. Walikuwa wameshaajiri vijana wa kompyuta mara tatu, na mara tatu vijana wakaondoka kabla ya mwaka kwisha. Tena walikuwa vijana wa ajabu, wanajua mashine mpaka utumbo, lakini mmoja alizima mashine za chumba cha wagonjwa mahututi ili "azisafishe". Azisafishe, jamani! Ndipo hospitali, chuo cha ufundi kilichoko ng'ambo ya barabara, na kampuni moja ya ulinzi wa mitandao wakashikana mikono. Chuo kitoe darasa, kampuni itoe mwalimu na mashine za mazoezi, hospitali itoe watu wanaojua wodi ni nini. Wakafundishwe mwaka mzima, nusu ya wiki darasani, nusu ya wiki kazini.

Wakachaguliwa saba. Sita walikuwa vijana. Wa saba alikuwa Mama Masjala, umri miaka arobaini na tisa, miwani imefungwa kwa uzi.

"Mimi nitaua mtu," alimwambia mumewe siku ile barua ilipofika.

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. "Utaua mtu kwa vitufe? Mimi natembea na msumeno kutwa na sijaua hata kuku."

"Sicheki mie. Pale ukikosea, anayelipa ni aliyelala kitandani. Hata hatajua."

Hiyo ndiyo hofu aliyoingia nayo darasani, na tuielewe vizuri, kwa sababu humo hakuwa na nyingine. Hakuogopa kufeli wala kuchekwa na watoto wa kuwazaa. Aliogopa mtu afe kwa mkono wake. Kila asubuhi alikaa dawati la mbele, kijasho chembamba kinamtoka, akaandika kila neno la Mwalimu, mpaka siku moja akaandika na "Samahani, nina mafua."

Mwalimu alikuwa kijana wa ile kampuni, mrefu, mpole, anaongea taratibu kama anayehesabu ngazi gizani. Yeye alimpenda Mama Masjala waziwazi. "Hawa wenzako wanajua mashine," alimwambia. "Wewe unajua watu. Wadukuzi wanaingia kwa kupitia watu."

Na kweli. Mwezi wa tano likaja zoezi la chambo. Kila mwanafunzi aandike ujumbe wa uongo, utumwe kwa wafanyakazi sitini wa hospitali bila wao kujua, tuone wangapi watabonyeza. Anayebonyeza hapati madhara, anatokewa na maneno tu: "Umenaswa. Karibu kwenye mafunzo." Vijana waliandika mambo yao. Mmoja aliahidi simu ya bure. Mwingine alijifanya mkurugenzi, lakini kwa adabu ambayo mkurugenzi hajawahi kuwa nayo, kila mtu akajua ni feki. Kwa huyu walibonyeza wanne, kwa yule sita.

Mama Masjala alifikiri siku mbili. Pale hospitalini maabara ilikuwa na desturi yake. Damu ya mgonjwa ikionyesha jambo la hatari, fundi wa maabara anatuma ujumbe wodini wenye kichwa cha herufi kubwa nyekundu, HARAKA, halafu anapiga simu kuhakikisha umesomwa. Hakuna muuguzi aliyewahi kuona HARAKA akaendelea kunywa chai. Basi akaandika hivyohivyo: HARAKA, majibu ya maabara, bonyeza hapa kuona mgonjwa na kitanda.

Wakabonyeza hamsini na watatu!

Darasa zima lilisimama kumpigia makofi. Mwalimu akasema kwa miaka yote aliyofundisha hajaona chambo kikali kama kile. Mama wa watu, nani asingevimba kichwa kidogo? Alikwenda nyumbani akamsimulia mumewe mara mbili, na mara ya pili akatia chumvi.

Jumatatu iliyofuata Mama Masjala aliambiwa asome majina ya walionaswa kwenye kikao cha asubuhi. La kwanza lilikuwa la Sista Mkuu wa wodi ya nne, mama mtu mzima, miaka thelathini kazini, hajawahi kuonywa hata kwa kuchelewa. Alisimama akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekojoa darasani. Kisha Mama Masjala akapewa nafasi ya kufundisha. Akafundisha vizuri. Ujumbe unaokuharakisha, usiufungue, bonyeza kitufe cha Ripoti. Mtu akikupigia kwa namba usiyoijua akajifanya wa maabara, usizungumze habari za mgonjwa, kata simu.

"Tumekusikia," Sista Mkuu alisema. "Kuanzia leo wodini kwangu hakifunguliwi kitu." Alisema bila kumtazama.

Utaratibu wa Ripoti ulikuwa hivi: ujumbe ukiripotiwa unaondoka kwenye mashine zote za wodi na kuingia kwenye sanduku la wanafunzi, chumbani kwao ghorofa ya pili. Mwanafunzi wa zamu anautazama, anabonyeza Salama urudi wodini, au Mtego uende kapuni. Wiki ile zamu ilikuwa ya Mama Masjala. Na wiki ile ripoti zilimiminika! Wafanyakazi, hata wale walionaswa, walikuwa wakikuta chambo chake cha zamani bado kiko kwenye barua zao, wakakiripoti. Alikuwa akiona tu HARAKA anatabasamu, "Huyu wangu tena," anabonyeza Mtego, anakwenda wa pili. Wenzake wakawa wanamtania, "Mama, watoto wako wanarudi nyumbani."

Sasa ujue pia kwamba Jumatano mama mkwe wake alilazwa wodi ya nne, kitanda cha kumi na mbili. Bibi huyo figo zilikuwa zimemsumbua siku nyingi, lakini mdomo ulikuwa mzima. Alhamisi asubuhi Mama Masjala alimpelekea uji na khanga safi.

"Mkaza mwana," bibi akamwambia kwa sauti ya kusikiwa na kitanda cha ishirini, "nasikia siku hizi we ni askari wa kompyuta. Bunduki iko wapi?"

"Mama, kunywa uji."

"Nakunywa. Miguu yangu mizito leo. Na moyo unaruka, sijui unamwona nani."

Mama Masjala alimkanda miguu kidogo, akamwambia daktari anapita saa tano, akapanda ghorofani kwenye zamu.

Sanduku lilikuwa na ripoti saba. Nne zilikuwa upuuzi wa kawaida. Ya tano ilikuwa HARAKA. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya Mtego, tabasamu liko mdomoni, alipoona maneno yaliyofuata: wodi ya nne, kitanda namba 12.

Chambo chake hakikuwa na namba ya kitanda.

Akaondoa kidole kama aliyegusa sufuria ya moto. Ya sita ilikuwa hiyohiyo, imetumwa tena baada ya dakika kumi. Na ya saba pia. Alichowaza kwanza ni wadukuzi. Wamekiona chambo chake wakakiiga, tena wamejua mama mkwe wake amelala wapi! Mwalimu alishawaambia, mdukuzi hodari humchunguza mlinzi na ndugu zake. Akifungua na kumbe ni mtego, mashine zote zinafungwa tena, siku kumi na moja nyingine, na safari hii aliyefungua mlango ni yeye. Asipofungua na kumbe ni majibu ya kweli, basi bibi wa watu anakufa kitandani na bakuli la uji mkononi.

Akampigia Mwalimu. Simu imezimwa, yuko kikaoni. Akapiga maabara. Simu ya mezani haina hata mlio. Akapiga wodini.

"Wodi ya nne."

"Ni mimi, Mama Masjala. Nataka kujua hali ya kitanda cha kumi na mbili, nimeona..."

"Hatutoi habari za wagonjwa kwa simu," muuguzi akasema, tena kwa heshima zote, kama alivyofundishwa. Simu ikakatwa.

Hee! Mama Masjala alibaki ameshika simu. Huyu mwanamke mnyonge, anayeogopa lifti, akavua viatu vyake vya kisigino, akaviacha chini ya meza, akatoka mbio peku. Ujumbe unaweza kudanganya, simu inaweza kudanganya. Fundi wa maabara atamwona kwa macho yake.

Akashuka ngazi, akapita ua, akaingia jengo la nyuma, akasukuma mlango wa maabara bila hodi. Fundi, kijana wanayemwita Miwani, alikuwa amesimama katikati ya chumba na simu yake mwenyewe sikioni, uso umemshuka.

"Umetuma HARAKA wodi ya nne?"

"Mara tatu!" Miwani akapiga kelele. "Simu ya mezani imekufa tangu Jumatatu, napiga na hii yangu, wananikatia! Mama, potasiamu ya huyo mgonjwa imepanda, moyo unaweza kusimama saa yoyote. Wamechanganyikiwa huko?"

"Andika," alisema Mama Masjala. "Andika kwenye karatasi, saini, gonga mhuri. Upesi, mwanangu, upesi!"

Alipofika wodini na karatasi ile, pumzi zimemwisha, Sista Mkuu alikuwa mlangoni. Akamtazama miguu iliyo peku, akatazama karatasi, asiinyooshee mkono.

"Hili nalo ni zoezi?"

"Sista, nakuomba. Nimetoka kwa Miwani mwenyewe. Ni mama mkwe wangu."

"Ulinisomea jina langu mbele ya watu."

"Nilikusomea. Nisamehe baadaye."

Sista Mkuu aliichukua karatasi. Aliisoma mara moja tu, na kilichofuata Mama Masjala hakukiona vizuri, maana machozi yalimzuia: sista akiita kwa sauti, daktari akija anakimbia, pazia likivutwa, waya zikibandikwa kwenye kifua kile chembamba, sindano ya kuulinda moyo ikiingia taratibu kwenye mshipa. Yeye alikaa chini sakafuni ukutani. Aliomba maombi yote anayoyajua, yakaisha, akaanza kuhesabu vigae.

Baada ya nusu saa pazia likafunguliwa. "Bado yuko nasi," daktari akasema. "Mngechelewa kidogo tu, ingekuwa habari nyingine."

Bibi aligeuza kichwa. "Mkaza mwana," alinong'ona, "viatu vimeibwa?"

Watu wakacheka, hata Sista Mkuu. Mama Masjala alicheka nao, akambusu bibi mkono, na katikati ya kicheko hicho akanyamaza ghafla. Miwani alisema simu ya maabara imekufa tangu Jumatatu. Na tangu Jumatatu yeye alikuwa anaona HARAKA anatabasamu.

Alipanda ghorofani akishika ukuta. Alijua kapu la mitego hujisafisha lenyewe kila siku ya tano. Siku ya tano ilikuwa kesho yake, Ijumaa. Akikaa kimya mpaka kesho, hakuna mtu duniani atakayejua kilichokuwamo. Wazo hilo lilimjia, simfichi, likakaa naye dakika nzima. Kisha akawaita Miwani na Sista Mkuu, akafungua kapu mbele yao.

Zilikuwamo HARAKA thelathini na moja. Ishirini na tisa zilikuwa zake. Mbili zilikuwa na namba ya kitanda.

"Wodi ya wazazi, kitanda cha nane," alisoma.

Sista Mkuu akachungulia kwenye daftari lake, akaenda kupiga simu kwa rafiki yake wa wodi hiyo, akarudi. "Daktari aliona dalili akatibu bila kungoja majibu. Mama na mtoto wazima."

"Wodi ya wanaume, kitanda cha tatu. Jumatatu, saa nane mchana." Miwani akaisoma mwenyewe: vijidudu kwenye damu, na dawa anayopewa mgonjwa haiviui, abadilishiwe mara moja.

"Kwangu ilionyesha umefika," Miwani akasema polepole. "Nilipiga mara mbili wakakata. Nikajua basi, wameshausoma."

Sista Mkuu hakwenda kupiga simu, habari ya kitanda hicho wodi zote zilikuwa zimeshaisikia. "Yule mzee wa redio," alisema. "Alifariki jana jioni."

Mwalimu alipokuja kutoka kikaoni aliwakuta bado mbele ya mashine. Alisikiliza yote, akavuta kiti karibu na Mama Masjala. "Hatuna hakika," alimwambia. "Alikuwa na umri mkubwa. Huenda angekufa hata kwa dawa nyingine. Na kosa si lako peke yako, mimi niliidhinisha kile chambo. Mimi ndiye sikuuliza maabara."

"Huenda," alisema Mama Masjala. "Lakini aliyebonyeza ni mimi."

Mganga mkuu aliambiwa. Uso ukambadilika, akaagiza mambo mawili: HARAKA zisiguswe tena na mwanafunzi yeyote, ziende wodini moja kwa moja, na mtu yeyote asizungumze na familia ya marehemu mpaka wanasheria wakae. Walisikia wote. Mama Masjala naye alisikia, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchukua viatu vyake chini ya meza.

Saa kumi alikuwa kwenye chumba kidogo cha kuhifadhia vitu vya wagonjwa, jirani kabisa na kile kilichokuwa masjala. Mwanamke wa miaka thelathini hivi alikuwa amepiga magoti, anaweka kwenye mfuko vitu vya baba yake: kandambili, shati la kijivu, kofia, redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Miguu ya Mama Masjala ilitaka kurudi ilikotoka. Akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Pole sana, mwanangu."

"Asante, mama." Binti alijifuta macho kwa kiganja, akajitahidi kutabasamu. "Mmetusaidia sana hapa. Jana nilimwambia kaka, hawa watu walifanya kila waliloweza. Ni wewe uliyekuwa unamhudumia baba?"

"Hapana. Mimi ni wa kompyuta." Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akapiga magoti sakafuni ili wawe sawa. "Majibu ya damu ya baba yako yalitoka Jumatatu. Yalisema abadilishiwe dawa. Hayakufika wodini, mwanangu. Niliyatupa mimi."